Vibati Vilirudi Vyote

Herman Bartholomeo alirudi kutoka kozi ya ugavi Dar es Salaam na suti mpya ya Kaunda, cheti chenye muhuri mwekundu, na neno moja alilolipenda kuliko maneno yote ya Kiswahili: ufuatiliaji. Wenzake katika ofisi ya Shirika pale Shinyanga walilisikia asubuhi, wakalisikia saa nne wakinywa chai, na haikupita wiki hata mama mpika chai akawa anafuatilia vikombe.

Shirika lilinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo na lilikuwa na vituo kuanzia Kahama mpaka mapori ya Geita. Kila kituo kilikuwa na simu ya upepo, sanduku la chuma lenye spika na kipaza sauti. Huko porini hapakuwa na njia nyingine ya kuita lori, kuomba dawa au kuuliza mishahara imekwama wapi. Vumbi, joto na panya viliziharibu simu hizo moja baada ya nyingine. Shirika lilikuwa na fundi wake wa kuajiriwa, Eustace, lakini kila alipopelekewa kazi alijibu kwamba karakana haina vipuri. Kwa hiyo simu mbovu, pamoja na vile vibao vya ndani vilivyojaa transista, zilipelekwa kwa mafundi wa nje. Na huko nje ndiko zilikozama. Hakuna aliyejua ipi iko kwa nani, ipi imetengenezwa, ipi imeliwa.

Herman alilipatia tatizo hilo dawa. Aliwaagiza wahunzi wamkatie vipande vidogo vya bati, kila kimoja kikagongwa namba. Kifaa kikitoka kwenda kwa fundi, kinafungwa kibati kwa waya. Kibati kikirudi, kazi imekwisha. Mafundi wote wakapewa onyo kali: atakayechelewesha kibati hapati kazi tena.

Mafundi wakatii kuliko alivyotegemea. Mwisho wa robo mwaka Herman alivimwaga vibati mezani mbele ya mkaguzi kutoka makao makuu, wakavihesabu pamoja, na hakikukosekana hata kimoja. Mkaguzi alisimama akampa mkono. Alisema katika nchi nzima hajaona shirika la umma ambalo kilichotoka kimerudi chote. Meneja, Ndugu Akida, aliamuru soda, na kwa kuwa mwaka ule soda ilikuwa adimu kama sabuni, watu walielewa kwamba jambo kubwa limetendeka.

Baada ya hesabu vibati vilifungwa tena kwenye masanduku, yakapelekwa vituoni, na siku chache baadaye Nesi Generosa aliingia ofisini, amejitwika sanduku la chuma kichwani.

Alikuwa mganga, mkunga na mfunga vidonda wa zahanati ya kituo cha Nyamalulu, mbele ya Geita, mama wa makamo mwenye mikono mipana. Alikuwa amesafiri juu ya magunia ya pamba, na vumbi lilimfanya aonekane kama aliyefinyangwa njiani.

“Mwangaluka, Ndugu Afisa,” alisema, akalitua sanduku mezani. “Simu yangu imerudi kutoka kwa fundi.”

“Nafurahi kusikia.”

“Ifungue.”

Herman alifungua mfuniko. Ndani mlikuwa na magunzi ya mahindi, yamefungwa vizuri kwa gazeti ili yasigongane. Juu ya magunzi kilining'inia kibati. Herman alikishika, akakigeuza kwenye mwanga.

“Namba yake ni sahihi,” alisema.

Generosa alimtazama jinsi anavyomtazama mgonjwa aliyeletwa kwa machela huku akisema hajambo.

“Wiki iliyopita,” alisema taratibu, “mke wa mchimbaji mmoja alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Ningekuwa na simu, lori la Geita lingefika mchana uleule. Wanaume walimbeba mpaka barabarani. Mama amepona. Mtoto tulimzika kandokando ya njia. Sasa mimi sitoki hapa bila matumbo ya hii simu.”

Akavuta kiti, akaketi, akavua viatu.

Herman alitaka kumweleza kuhusu fomu ya malalamiko, lakini akaghairi. Yeye naye alikuwa baba. Akaenda kuomba Landrova.

Sanduku la Nyamalulu lilikuwa limepitia kwa Salehe, fundi redio wa Nyasubi pale Kahama. Herman na Generosa walimkuta mzee huyo wa kutoka pwani barazani kwake, kofia safi kichwani, katikati ya mifupa ya redio.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni kahawa.”

Hapo Kahama hakuna anayeulizwa swali kabla ya kahawa, kwa hiyo walikunywa. Kisha Herman akaeleza habari ya magunzi. Salehe alisikiliza kwa makini.

“Mwanangu, barua yenu ilisema nini? Rudisheni vibati kwa wakati. Nimewahi kuchelewa?”

“Hujawahi, mzee.”

“Basi.”

“Lakini na simu zenyewe?”

“Simu hamkuziuliza.” Salehe hakusema kwa kejeli, alionekana kusikitika kidogo kwa ajili yao. “Mimi ni fundi wa redio za mbao. Hayo masanduku yenu nampa bwana mmoja wa Samuye, kila mwisho wa wiki anapita na pikipiki. Hurudisha masanduku yamefungwa, nami nayapeleka kama yalivyo. Jina lake silijui. Tunamwita Daktari.”

Ikabidi warudi walikotoka. Njia nzima Herman alikuwa akipanga hotuba ya kumpa huyo Daktari, hotuba yenye uhujumu uchumi ndani yake. Walipofika Samuye, wachunga ng'ombe wakawaonyesha nyumba yenye waya mrefu juu ya paa. Uani, chini ya kibanda cha nyasi, mtu alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, anapasha moto chuma cha kuchomea risasi ya kuungia nyaya. Alikuwa amevaa ovaroli ya Shirika.

Alikuwa Eustace.

Hotuba yote ikamtoka Herman kichwani.

“Karibu, Ndugu Herman,” alisema Eustace, bila kuinuka. “Kumbe kweli unafuatilia.”

“Wewe si ulisema karakana haina vipuri?”

“Haina. Viko hapa.”

Hakuwa mwizi mwenye haya wala mwenye kiburi. Alieleza mambo kama mtu anayeelekeza njia. Shirika lilimlipa mshahara wa kununua unga wa nusu mwezi. Simu ya kituo akiitengeneza karakanani, hapati hata asante. Ikipitia kwa fundi wa nje, Shirika linalipa, halafu Salehe na yeye wanagawana.

“Lakini hukuitengeneza,” alisema Generosa. “Ulijaza magunzi.”

Hapo Eustace alitazama chini kwa mara ya kwanza.

“Nilikusudia kuitengeneza, dada. Ila wakubwa wana redio, na redio za wakubwa zina haraka. Transista kubwa mbili za simu yako ziko kwenye santuri ya Meneja. Nyingine ziko kwa mhasibu. Hizi ndogo...” Aligeuza chuma chake kwenye mkaa. “Hizi ndogo ziko kwa Ndugu Herman.”

“Kwangu?”

“Ile redio ya mkeo Apolonia iliyokuwa ikikoroma kabla ya Pasaka. Uliniambia, Eustace, fanya unavyojua. Nikafanya ninavyojua.”

Herman alihisi masikio yakiwaka. Kwa miezi kadhaa alikuwa amewaambia majirani kwamba mtambo wa Mjapani haufi, unahitaji tu mtu wa kuutunza. Akaanza kujieleza. Generosa hakungoja.

“Eustace, beba hicho chuma chako,” alisema. “Twendeni.”

Nyumbani kwa Herman, Ibadakuli, majirani walikuwa wamejaa sebuleni kusikiliza salamu za wagonjwa na wapendwa. Apolonia alikaa karibu na redio kama mama mwenye harusi. Herman alipoizima, watu waliguna.

“Baba, subiri basi taarifa ya habari ipite,” alisema Apolonia.

Herman akaanza kusema jambo refu kuhusu mali ya umma. Generosa akamkatisha, akamsimulia Apolonia habari ya mtoto wa njiani, kwa sentensi tatu tu. Apolonia aliinuka. Kisha akaondoa kitambaa alichokuwa amekifuma mwenyewe juu ya redio, akachomoa betri, akaisukuma mbele ya Eustace.

“Toa,” alisema. Na majirani wakaondoka mmoja mmoja, maana hapakuwa tena na cha kusikiliza.

Za mhasibu walizipitia njiani; zilibaki zile transista kubwa. Ndugu Akida aliwapokea barazani kwake, santuri ikiimba ndani. Herman alieleza yote, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli alianza na redio yake mwenyewe. Meneja alimsikiliza macho yamefumbwa nusu.

“Ndugu Herman. Vibati vyote vimerudi?”

“Vimerudi, Ndugu Meneja.”

“Mkaguzi amevihesabu?”

“Amevihesabu.”

“Basi hakuna kilichopotea. Unataka tumwambie mkaguzi kwamba alihesabu bati?”

“Lakini simu, mzee, hazikurudi.”

“Inategemea maana ya kurudi. Zilitoka kwa Shirika. Hapa ni nyumba ya nani? Ya Shirika. Mimi ni nani? Mtumishi wa Shirika. Kilicho kwangu kimetoka wapi, na kimekwenda wapi?”

Herman, ambaye kozi yake ilikuwa na sura nzima juu ya maana ya kurudi, alivutwa na hoja hiyo, akajibu, naye akajibiwa. Generosa aliomba maji ya kunywa. Eustace akasema naye ana kiu. Wakaingia ndani. Barazani mjadala ulipanda mpaka katiba ya Shirika, ukashuka mpaka kanuni za ghala, na wala hakuna kati yao aliyegundua ni wakati gani santuri ilinyamaza.

“Ahsante kwa maji, Ndugu Meneja,” alisema Generosa akitoka, ngumi yake imefumbwa. “Wabeja sana.”

Simu ya Nyamalulu iliunganishwa usiku uleule, na kesho yake Generosa akaondoka nayo.

Kikao kikakaa. Eustace alipewa onyo, halafu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuchomea risasi, akapandishwa cheo. Salehe alisifiwa kwa uaminifu wake katika vibati. Herman alihamishiwa Nyamalulu kuimarisha mawasiliano, kazi ambayo haikuwa na nyumba, meza wala posho. Apolonia alilia siku ya kwanza alipokiona kibanda chao cha nyasi, kisha akaanza kuuza maandazi kwa wachimbaji, akapata kuliko mshahara wa mumewe.

Herman mwenyewe alikaa karibu mwezi mzima akijiona mtu aliyedhulumiwa. Aliwaeleza wachimbaji juu ya cheti chake. Wao walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamwomba awaombee sabuni kwenye simu.

Asubuhi moja duara liliporomoka. Wachimbaji huita hivyo shimo la kwenda chini kama kisima, lililoshikiliwa kwa magogo. Walimtoa mchimbaji mmoja, Mageni, mguu umevunjika juu ya goti na damu inakwenda. Herman alikimbilia simu. Aliita Shinyanga, akaita tena. Shinyanga ilikuwa kwenye chai. Aliita mpaka sauti ikakwaruza, na hatimaye akaitikia dereva wa lori la kituo kingine, aliyekuwa ameegesha barabarani karibu na simu ya kwao akisubiri dizeli.

“Nyamalulu, nakusikia. Nije na nini?”

“Njoo na lori tu, ndugu yangu. Njoo sasa hivi.”

Herman alitoka nje kumwambia Generosa lori linakuja. Nesi alikuwa amepiga magoti vumbini, mbao mbili na kanga iliyochanwa pembeni yake. Mageni alikuwa anasaga meno.

“Vizuri,” alisema Generosa. “Sasa piga magoti hapa. Shika mguu juu ya jeraha, bana kwa nguvu, na usiachie mpaka nikuambie.”

Herman akapiga magoti, na suti yake ya Kaunda vilevile, akashika.