Nyama ya Matanga

Kata ilidondoka gizani, ikagonga ukingo wa mtungi. Nikajua Gideoni ameamka kunywa maji. Nikasubiri arudi kulala, nikasikia anatapika.

Nilimkuta sakafuni. "Mama, nyumba inazunguka."

Kelele zikamwamsha mdogo wake, Dorkasi, akalia njaa. Bibi yao, mama mkwe wangu Eliaichi, akaingia chumbani kumnyamazisha, kisha akatujia na kibatari.

"Ni nyama ya matanga ya kule Mhezi hiyo. Niliwaambia imelala!"

Nilimpakata mwanangu. Paji lake lilikuwa la baridi na tumbo halikuwa likiendesha. Katika darasa la jioni la afya, hapa Vudee, tulifundishwa kwamba nyama iliyoharibika mara nyingi huendesha tumbo, na homa hufuata. Huyu alitapika tu, na pumzi zilikwenda mbio.

"Mama, nyama tulikula sote. Mbona mimi na Dorkasi wazima?"

"Haya, daktari wa jioni, tuambie!"

"Usiku mlikula nini?"

"Si muhogo ule wa lori, nilionunua Hedaru? Nimeumenya, nikauchemsha kama wetu."

Kama wetu. Muhogo wetu wa mlimani ni mtamu, watoto huutafuna mbichi. Ule wa lori ulikuja kwa sababu ya njaa, enzi hizo za Mwingereza. Watu wa tambarare waliujua muhogo mchungu: huuloweka mpaka ulainike, wakauanika, sumu itoke. Sisi nani angetuambia? Mimi nililala bila kula ili wao washibe, na Dorkasi alikuwa amelala kabla haujaiva.

"Ndio huo, mama."

"Mbona na mimi nimeula, niko hai?"

"Ulimega kidogo. Na tangu uamke umeshika kichwa."

Akautoa mkono kichwani polepole.

Gideoni akajinyoosha mapajani mwangu, mara moja, kama anayeamka. Nikangoja avute pumzi nyingine. Nikamwita. Nikamwita tena, kwa jina la utani la utotoni.

Mama mkwe akafungua kinywa apige yowe, akageukia mlango wa chumba. "Dorkasi," akasema. "Alipolia njaa nimempa kiporo. Niliona heri muhogo kuliko nyama ile."

Nilimlaza mwanangu chini, nikakimbilia chumbani. Dorkasi alikuwa amekaa kitandani, bakuli mapajani, kipande mkononi kimeng'atwa. Nikamshika taya, nikamtia kidole kinywani.

Akanisukuma mkono. "Mama, nimeutema, ni mchungu."