Ufunguo wa Chumba cha Wanawake

"Mimi alama tisini na sita za mtihani, Norbert! Wewe sabini na moja, tena kwa kuchechemea!" Deolinda alikuwa ameinama juu ya ukingo wa kibaraza, ghorofa ya pili.

"Sheria ni sheria, dada," Norbert alijibu kutoka chini, bia mkononi. "Massachusetts hii, mwanajeshi kwanza."

"Mwanajeshi! Miaka miwili umefua mashuka kambini New Jersey. Adui yako nani, madoa?"

Ghorofa ya tatu walicheka, wakatoa viti nje.

Kicheko hakikumsaidia Deolinda. Miaka sita amekalia kiti cha karani mkuu wa bwawa la kuogelea la mji, kwa muda tu. Mwaka huu wa 1968 mtihani ukaitishwa, akawaongoza wote. Orodha ilipotoka, Norbert yuko juu yake kwa sababu aliwahi kuvaa magwanda. Ijumaa Norbert anatia sahihi kuichukua kazi, basi. Kazi ambazo wanajeshi hawakuzigusa ni zile tu serikali ilizoziandikia "anahitajika mwanamke", nazo zilikuwa za kupiga chapa na kupokea simu. Deolinda alimwomba mkubwa wake, Bwana Halloran, aandike hivyo. Akaulizwa: kwa sababu gani?

Sababu ilikuwa imening'inia shingoni mwake. Akaivua.

"Haya, umeshinda. Daka!" Ufunguo ukatua miguuni pa Norbert. "Kila siku saa moja asubuhi, karani mkuu anakagua chumba cha wanawake cha kuvulia nguo. Mabomba, makabati, na waogaji wenyewe."

Norbert akatabasamu hadi masikioni. "Hiyo kazi nitaiweza."

Dirisha la chini likafunguka kwa kishindo. Mama yake Norbert, Philomène, alichomoza kichwa chenye vibanio.

"Saa moja? Si ndiyo saa yetu akina mama wa kanisani?"

Tabasamu likamkauka. "Mama, nitabisha hodi."

"Bisha! Utanikuta na ndoo. Na Bi Thibodeau je, mwenye kilo mia? Utamkagua naye?"

"Mama, majirani wanasikia!"

"Wasikie! Nimekuzaa, nimekuogesha, inatosha!"

Kesho yake asubuhi akina mama kumi na wawili, nywele bado zinachuruzika, walijipanga ofisini kwa Halloran. Kabla ya saa sita ombi la karani mkuu lilikuwa limeandikwa upya: anahitajika mwanamke. Orodha ya wanajeshi ikakunjwa. Deolinda aliyasoma mara mbili yale maneno yaliyowafungia wanawake wenzake kwenye mashine za chapa, akacheka peke yake, akatia sahihi.

Jioni alimkuta Norbert ngazini, amenuna.

"Umenichezea, dada."

"Nimekupa ufunguo mwenyewe. Nani kakunyima mlango?"

Mlango wa chini ukafunguka, harufu ya pai ya nguruwe ikatangulia.

"Deolinda, ingia tule," alisema Philomène. "Na wewe, Norbert, njoo. Ila bisha hodi kwanza."