Mtoto wa Buluu

Mtoto alikuwa wa buluu.

Si buluu kidogo, ya kivuli au ya taa mbovu. Buluu ya wino, kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu, na alikuwa anapiga miayo kwenye skrini pana kuliko meza ya kulia. Mama mkwe aliachia kikombe kikapasukia sakafuni.

"Mjukuu wangu hapumui!"

"Anapumua, Mama," alisema binti yake mdogo kutoka ng'ambo, uso wake ukiwa nje ya picha. "Ndiyo kwanza amenyonya."

"Amenyonya nini, wino?"

Bisibisi alisimama kando ya skrini. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya kile alichobeba mfukoni hata siku za kwenda harusini. Alikuwa fundi wa redio, televisheni na kompyuta, na mume wa binti mkubwa wa nyumba ile. Kwa miaka yote ya ndoa, mama mkwe hakuwahi kumwambia jambo moja kwa moja. Kila kitu kilipitia kwa mkewe: mwambie mumeo mlango unalia, mwambie mumeo chakula kinapoa. Hakumchukia. Aliona tu kwamba mwanamume anayeshinda amefungua redio za watu hana kazi, ana udadisi.

Mtoto alipozaliwa walimwonyesha bibi yake kwenye simu. "Ona pua hiyo, Mama!" Naye akasema ameiona, nzuri sana. Bisibisi peke yake ndiye aliyegundua kwamba mama mkwe alikuwa anatazama dole gumba la mkewe lililoshika simu. Macho yake hayakufika tena kwenye vitu vidogo.

Bisibisi alikwenda kuchukua skrini kubwa ya matangazo kutoka duka lililofungwa, akaifunga ukutani sebuleni.

Shida ikawa kwamba skrini na programu ya kupigiana simu za video hazikujuana. Programu haitoi picha kama tunavyoijua sisi. Inatoa mstari mrefu wa namba: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani, kisha nukta inayofuata vivyo hivyo, mpaka skrini ijae. Kule mwisho kuna draiva, programu inayoiendesha skrini, ambayo huzipokea namba na kuwasha taa. Haiulizi. Ukiipa, inawasha. Kwa hiyo Bisibisi aliandika programu yake ndogo ya kukaa katikati, kupokea huku na kukabidhi kule. Akaijaribu kama alivyojaribu kila skrini maishani mwake, kwa picha ya ubao wa drafti, mweusi na mweupe, maana hapo nukta iliyokufa haijifichi. Ilitoka safi. Siku hiyo aliimba akioga.

Sasa hakuwa anaimba. Aliitikisa waya. Mtoto akabaki buluu.

"Mpelekeni hospitali!" mama mkwe alipiga kelele.

"Dada, kwani ana nini?" Shemeji kule ng'ambo naye alianza kulia, akamgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha. "Mimi namwona mzima. Au ni macho yangu? Ngoja nichukue koti nimkimbize."

"Usitoke!" alisema Bisibisi.

Mama mkwe alikuwa ameshainuka, anatafuta kandambili zake kwa mguu. "Mwambie mumeo azime hilo dude. Sitaki kulitazama tena."

Bisibisi alimjua. Akitoka chumbani, hatakaa tena mbele ya skrini ile, na mtoto atakua akiwa dole gumba.

Ndipo akaliona ua la chungu nyuma ya shemeji yake. Majani yalikuwa ya kijani, kijani chenyewe, yamenawiri.

"Shemeji, gauni lako rangi gani?"

"Gauni?"

"Rangi gani?"

"Buluu!"

"Huku ni jekundu."

"Mwambie mumeo mtoto anakufa," alisema mama mkwe, "yeye anauliza nguo!"

Bisibisi alikaa sakafuni akacheka, mpaka mkewe akamfinya.

"Nimezipanga kinyume, mama watoto. Draiva inaanza na buluu, mimi naipa nyekundu kwanza. Kijani kiko katikati, hakijaguswa."

"Na ulipojaribu?"

"Nilijaribu na drafti."

Mkewe alimtazama. "Nyeusi na nyeupe."

"Nyeusi na nyeupe."

"Mungu wangu, nimeolewa na nani?"

Bisibisi alivuta kibodi, akabadilisha mstari mmoja, akaizima programu ili aiwashe upya. Skrini ikawa giza.

"Mmemzima!" mama mkwe alilia. "Mmemzima mjukuu wangu!"

Picha ikarudi. Mtoto wa rangi ya kahawia, mashavu mekundu kidogo, amekunja uso kwa kelele za watu wazima. Mama mkwe alisogea, akapita juu ya vipande vya kikombe, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Pua ya baba yenu," alisema. "Jamani. Pua yake kabisa."

Akasogeza uso karibu kugusa kioo.

"Mwambie mumeo..." Akanyamaza, akamgeukia Bisibisi. "Wewe. Huwezi kumsogeza karibu?"

"Hapana, Mama. Huyo anasogezwa na mama yake."

Shemeji, macho bado yana machozi, akamleta mtoto mpaka pua ikajaa skrini nzima.

Kwa hesabu, siku ile iligharimu kikombe kimoja chenye maua, cha seti ambayo sasa haitimii. Zulia moja lililolowa chai. Usingizi wa mchana wa mtoto mmoja. Na alama za vidole vitano kwenye kioo, ambazo Bisibisi, kila anapofuta vumbi, huzizunguka na kitambaa na kuziacha.