Sijali Apelekwa Mzenga

Mtoto wa mbwa yule hakutakiwa na mtu tangu siku aliyozaliwa. Mama yake alikuwa mbwa mkubwa wa Kizungu, mali ya meneja wa shamba la mkonge kule Kibaha. Baba yake alikuwa koko wa kambi ya wakata mkonge, mwenye sikio lililochanika. Meneja alipoona watoto wana mabaka ya kila rangi, aliamuru watiwe kwenye gunia wakatupwe mtoni. Bartolomeo, boi wake wa nyumbani, alitii. Lakini mmoja alikuwa amejificha nyuma ya kuni, na huyo Bartolomeo alimfunika kwa matambara akampelekea mkewe Laurentia.

"Mimi sipendi mbwa," Laurentia alisema.

"Najua. Mtafutie pa kwenda. Bwana akimwona hapa kambini, kazi sina."

Laurentia alimwita Sijali, maana ndivyo alivyokuwa. Akipigwa ufagio, aliung'ata ufagio. Akifokewa, alilala chali na kurusha miguu juu. Alichukua kiatu cha Bartolomeo cha kwendea kanisani, akakizika kwenye majivu. Laurentia alifoka sana siku hiyo, kisha akageukia ukutani ili mbwa asimwone anacheka.

Alimzungusha Sijali nyumba kwa nyumba. Waliokuwa na kuku walimkataa kwa sababu ya kuku, na wasio na kuku walisema hawana cha kumlisha. Ndipo Twalibu, mchuuzi wa mikeka aliyekuwa akipita kambini, alipoleta habari.

"Mzee Isihaka wa Mzenga anatafuta mbwa. Nguruwe wanammalizia mihogo."

"Huyu ni mdogo mno kwa nguruwe."

Twalibu alimtazama Sijali akiukimbiza mkia wake mwenyewe. "Alisema hata mdogo. Mradi awe na sauti."

Neno hilo halikumkaa vizuri Laurentia, lakini alikuwa amechoka, na meneja alikuwa ameanza kuuliza ni mbwa gani anayelia huko kwenye nyumba za maboi. Akamtia Sijali kikapuni. Yeye na Twalibu walipanda lori la mkonge hadi Mlandizi, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu kuelekea kusini.

Njiani Sijali alitoa kichwa akabwekea kila kitu: vipepeo, visiki, kivuli cha Twalibu. Hakuna mbwa aliyemjibu. Walipita vijiji, na kote hapakuwa na mbwa hata mmoja. Jua lilikuwa bado juu, lakini wanawake walikuwa tayari wakiswaga mbuzi ndani ya nyumba, nyumba zile zile wanazolala watu. Mama mmoja aliona kikapu, akamvuta mwanawe kwa mkono na kufunga mlango.

"Watu wa huku wana nini?" Laurentia aliuliza.

"Mwaka huu wamekuwa hivyo," Twalibu akajibu, akaongeza mwendo.

Mzee Isihaka aliwapokea kwa heshima zote. Laurentia alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, akamtandikia mkeka, akaagiza mihogo ya kuchemsha na chai. Kisha akamnyanyua Sijali kwa ngozi ya shingo. Mbwa akamlamba mkono. Mzee akamfinya sikio, na Sijali akalia mlio mwembamba uliopasua ua mzima.

"Sauti anayo," mzee alisema, kama mtu anayegonga chungu kusikia kama kina ufa.

Mkewe, Mwanaasha, hakumtazama mbwa hata mara moja. Laurentia alipomfuata jikoni kumwambia kwamba Sijali hupenda ukoko wa ugali, mama yule aliendelea kuchochea moto.

"Usinieleze anachokula, mwanangu," alisema taratibu. "Hatakula hapa."

Laurentia alisimama pale mlangoni. Mwanaasha akamweleza bila kuinua macho. Chui alianza na mbwa. Walipokwisha mbwa, akaja kwenye mbuzi. Kisha ikawa Mwamini, mjukuu wao, aliyekwenda kisimani mchana kweupe. Mtungi waliukuta njiani, umesimama wima, una maji. Walikwenda kwa akida, akida akapeleka habari kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaletwa askari mwenye bunduki. Askari alikaa, akapiga kanga wawili, akawala, akarudi mjini. Basi mzee amejenga mtego. Na hakuna kitu chui anachokipenda kama mbwa.

Laurentia alitoka akamkuta Isihaka anasokota kamba.

"Mzee, niliambiwa unataka mbwa wa kulinda."

"Atalinda."

"Unataka kumfanya chambo."

Mzee aliweka kamba chini. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. "Nina mjukuu mwingine humu ndani," alisema. "Ukitaka kumchukua mbwa wako, mchukue. Sitakuzuia wala sitakulaumu. Lakini leo hamfiki Mlandizi, jua hili linashuka. Mtalala hapa hapa, mlango mmoja na sisi."

Mjukuu huyo alikuwa msichana mdogo, anacheza na Sijali uani kwa kipande cha kanga. Alivuta upande wake, Sijali akavuta wa kwake huku akinguruma kwa majivuno, na mtoto akacheka. Laurentia aliwatazama muda mrefu.

"Nionyeshe huo mtego," alisema.

Ulikuwa nyuma ya shamba la mihogo: kijumba kirefu cha miti, mbele mlango wa gogo zito lililoning'inia, nyuma kichumba cha chambo kilichotengwa kwa fito. Laurentia akapitisha mkono kati ya fito, ukaingia mpaka begani.

"Huyo chui ana mkono mwembamba kuliko huu wangu?"

Laurentia akajifunga kanga kiunoni, akaomba panga. Walikata miti wote, mpaka Twalibu, ambaye hakutaka. Wakaongeza ukuta wa pili nyuma ya zile fito, upande wa chambo, wakabana na kufunga kwa kamba za magome ya miyombo mpaka hata ngumi haikuweza kupita. Kisha Laurentia mwenyewe akamwingiza Sijali. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Mbwa alidhani ni mchezo. Alilala chali.

Walipofunga mlango wa nyumba, adhana ya magharibi ilikuwa imetoka kuitwa. Sijali alianza kwa kubweka kama anayewaita. Halafu akalia. Mjukuu aliuliza mbona mbwa ameachwa nje, akaambiwa anyamaze. Mwanaasha aliketi na tasbihi mkononi, na Laurentia aliona kwamba punje zake hazisogei. Kilio kikaendelea, kikapanda, kikakatika katikati.

Hapo ndipo waliposikia koo la chui, kama msumeno unaopasua ubao, karibu kuliko walivyodhani. Gogo likaanguka. Ardhi ikatikisika chini ya mkeka. Kilichofuata huko nje hakuna aliyetaka kukisikiliza.

Kulipopambazuka wanaume wa kijiji walikwenda na mikuki, wakammaliza. Laurentia aliwapita wote, akazunguka nyuma. Fito za ukuta wa kwanza zilikuwa zimevunjwa. Ukuta wa pili ulikuwa na michirizi ya kucha, lakini ulisimama. Sijali alikuwa amejibana pembeni, begani ana alama moja nyekundu, pale ncha ya ukucha ilipopenya. Laurentia akamwita. Alimtazama tu, asitikise mkia.

Wanaume walikuwa wakishangilia. Isihaka hakuwamo kwenye shangwe. Alikuwa ameinama pembeni, anatazama mchanga.

"Huyo mliyemuua ni jike," alisema. "Nyayo hizi ni kubwa kuliko zake. Zimeuzunguka mtego wote, kisha zimekwenda mpaka mlangoni kwangu. Walikuwa wawili."

Mzee akainuka, akaanza kuliinua gogo arudishe mtego, kisha akanyoosha mkono kumchukua mbwa. Lakini Mwanaasha alikuwa ametangulia. Mwanamke huyo, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumgusa mbwa bila kwenda kujitwaharisha mara saba, alikuwa amemfunga Sijali ndani ya kanga yake, kifuani.

"Huyu hairudii kazi ile," alimwambia mumewe. "Ukitaka chambo kinacholia, nifunge mimi."

Isihaka alimtazama, akaketi juu ya gogo.

Laurentia aliondoka na kikapu kitupu. Wanaume wenye mikuki waliwasindikiza mpaka njia kuu. Walipobaki wawili alimwuliza Twalibu, "Ulijua?"

"Nilijua."

Laurentia akatangulia mbele, na ndivyo walivyokwenda mpaka Mlandizi.

Chui wa pili hakupatikana. Twalibu aliendelea kupita kambini na mikeka yake, na kila mara alileta habari: Sijali amekuwa mbwa mkubwa, anafanana na mama yake, analala ndani, kizingitini, na hakuna anayemtoa. Hachezi. Jua likianza kuinama husimama uani, akatazama mahali pamoja tu porini bila kubweka, na Mwanaasha akimwona hivyo humwita mjukuu aingie.