Mstari wa Chini wa Bendera

Nimechoka, na nasema wazi. Mwezi mzima nikitoka saluni, miguu imevimba, nilikaa jikoni namhoji mama yangu kama polisi. Bluu? "Maji." Nyekundu? "Damu ya waliokufa." Njano? "Mavuno." Tai wa kwenye nembo anatazama wapi? "Anakojua mwenyewe," anasema, halafu anacheka mpaka machozi.

Mimi sikucheka. Mama alivuka mpaka mimi nikiwa tumboni. Kibali chake cha kuishi hapa kilikuwa kinaisha, na asiposhinda mtihani wa uraia angerudishwa alikotoka, ambako hana hata wa kumfungulia mlango.

Na bendera ndiyo kazi yake! Ni mfagiaji wa shule ya msingi. Kila asubuhi yeye ndiye anayeipandisha kabla watoto hawajapanga mstari, na jioni anaishusha. Nikajipa moyo kwamba kwenye bendera hatuna wasiwasi.

Siku ya siku, ofisa alikuwa ameikunja bendera ya mezani na kuifungia kabatini, eti watu wasiibie majibu. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti nifunge mdomo. Hakuuliza maana. Alisema, "Mama, nitajie rangi, kutoka juu kwenda chini."

Mama akafumba macho. "Bluu. Nyekundu. Nyeupe."

Hapo alikosea, na kosa ni langu. Nilimfundisha kwa maneno tu, hata siku moja sikumwonyesha picha. Na ile bendera ya shule, masikini, imepigwa jua mpaka imechoka kuliko mimi: bluu imefifia, nyekundu imekuwa rangi ya ufizi, na kule chini ni nyeupe pe.

"Na njano je?" ofisa akauliza.

"Njano ni mavuno."

"Iko wapi?"

Mama akafikiri. "Hiyo sijawahi kuiona, mwanangu. Nikudanganye ya nini?"

Nikasimama, nikampayukia ofisa kwamba aende shuleni akajionee mwenyewe. Hata hakuinua macho. "Hapa sitahini vitambaa, dada. Ajaribu tena mwakani."

Mwakani, na kibali kinaisha mwezi ujao! Nilitamani kumrushia kiti.

Kesho yake alfajiri nikamkuta anafunga kitambaa kichwani.

"Mama, leo waache wapandishe wenyewe. Si wamekukataa?"

"Walionikataa ni wa ofisini. Watoto wamenikosea nini?"

Nikamfuata huku nalia kwa hasira. Alivuta kamba taratibu, mabega yanamuuma, akaifunga, akarudi nyuma kidogo na kuitazama. Akaanza kunong'ona. Bluu, maji. Nyekundu, damu ya waliokufa. Alipofika kwenye ule mstari mweupe akasita, akakaza macho kama anayetafuta sindano.

"Njano," akasema. "Mavuno." Akanigeukia. "Nimepatia?"

"Umepatia, mama."

Akaenda kuchukua fagio.