Saini ya Chuma Bichi

Nasma wa mtaa wa Bilele hakuwa mwizi, na mtu asije akamwita hivyo mbele yangu. Alikuwa na duka lake la madaftari na vitabu, aliswali, alifunga, na mtoto wa shule akisahau begi pale alilikuta kesho yake lilipo. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na wepesi huo ndio uliomponza.

Ilianza pale rapa Chuma Bichi alipokuja Bukoba kuzindua kitabu chake cha pili. Cha kwanza kilikuwa mistari ya nyimbo zake iliyopangwa kama mashairi, na walimu walikicheka mpaka wakachoka. Hiki cha pili kilikuwa habari za utoto wake, jinsi alivyokua na kigugumizi. Vijana walijaa ukumbini, wakapiga picha na jalada, wengine wakaondoka hata hawajakifungua. Walimu nao walipita dukani kwa Nasma wakikishika kwa vidole viwili kama samaki aliyelala. "Rapa anaandika nini? Kaandikiwa huyo." Nasma akacheka pamoja nao. Yeye mwenyewe hakuwa amesoma hata ukurasa, ila kucheka hakukuhitaji kusoma.

Chuma Bichi alisaini nakala chache haraka haraka, akawahi ndege. Zile zenye saini ziliisha upesi. Nyingine zikabaki zinakula vumbi. Mteja anafungua ukurasa wa mbele, anaukuta mweupe, anakirudisha kitabu kwenye rafu. "Dada, bila saini ya mwenyewe nakipeleka wapi?" Basi asubuhi moja Nasma akachukua kalamu. Saini yenyewe ilikuwa kitu gani? Mkunjo na nukta. Kitabu cha kwanza alikisaini polepole, vilivyofuata akasaini huku anaongea na wateja. Watu wakataka na majina yao yaandikwe, akawaambia rapa hupitia mjini mara kwa mara, niachieni majina. Akayaandika. Kisha akaanza kuongeza na maneno ya kutia moyo, hili kwa mwanafunzi, lile kwa bibi harusi. Ilimnogea, jamani, tusidanganyane.

Ndipo akaja mzee Bartholomayo kutoka Muleba, mkulima wa kahawa, Mlutheri, kavaa koti la ibada siku ya kazi.

"Waitu mama," alisema kwa adabu ya Kihaya, "binti yangu Kokuhirwa ameacha shule. Maneno yanamkwama, na wenzake wanamwiga darasani. Nimesikia redioni huyu kijana naye yalikuwa yanamkwama. Akimwandikia hata neno moja, labda atamsikia. Mimi baba yake hanisikii tena."

Hapo Nasma alipaswa kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake akasema, "Niachie jina lake, mzee. Urudi wiki ijayo."

Akaandika: *Kokuhirwa, na mimi yalinikwama. Rudi darasani. Ukimaliza mtihani nitakuja kwenu Muleba, unisomee ukurasa mmoja.* Ile sentensi ya mwisho aliiongeza kwa sababu chini palibaki nafasi na ukurasa ulionekana mtupu. Hakuna kingine alichofikiria. Mzee aliporudi aliyasoma maneno yale amesimama, akavua kofia, akakifunga kitabu kwenye leso. Nasma akajiambia kwamba kheri imetendeka. Alijiambia hivyo karibu mwaka mzima, na ilimbidi ajiambie mara nyingi.

Msimu wa senene simu ikalia.

"Mama Nasma, ni mimi Bartholomayo wa Muleba. Mwaka mzima nakuombea wewe na duka lako. Kokuhirwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne! Alirudi shule juma lile lile, na kila jioni anasoma kwa sauti huko migombani. Sasa mgeni wetu anakuja lini? Watu wananiuliza, na mimi nataka kujua nikate mikungu mingapi."

Nasma akakaa juu ya boksi la madaftari.

"Mchungaji alimwomba asome somo kanisani," mzee akaendelea, "akakataa. Anasema ataanza na mgeni wake. Akishamsomea yeye, atasoma popote. Sisi tumepanga Jumamosi, kama naye atakuwa na nafasi."

"Nitakujulisha, mzee."

Akamtumia ujumbe yule anayeshughulikia safari za Chuma Bichi. Ujumbe ukasomwa, jibu halikuja. Na angejibiwa nini? Rapa hakuahidi kitu. Usiku usingizi ulimpaa. Uongo wa pili ulikuwa umeshajipanga mdomoni: rapa anaumwa, rapa kasafiri nje, anawasalimu sana. Ulikuwa umepangika vizuri kuliko ule wa kwanza, na hilo ndilo lililomtisha. Alijiona anakuwa mtu wa namna gani. Jumamosi, bila kumjulisha mzee lolote, akafunga duka, akapanda basi la Muleba. Walipopita Kanazi aliomba gari liharibike. Halikuharibika.

Kwa Bartholomayo uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka njiani. Ndani wametandaza majani mabichi, na mabenchi yamejaa majirani waliovaa vizuri. Senene wa kwanza wa msimu walikuwa wamekaangwa na kufunikwa, hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa. Katikati palikuwa na kiti kimoja chenye kitambaa cheupe cha kufuma. Walipomwona Nasma wakasimama. Walidhani katumwa atangulie.

Bartholomayo akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamkaribisha kwa mikono miwili. "Mgeni yuko nyuma?"

Nasma alikuwa amekusudia kumwita pembeni. Lakini Kokuhirwa alikuwa ameshatoka chumbani, msichana mrefu, shati la shule limepigwa pasi, kitabu amekikumbatia. Ukweli wa pembeni ungekuwa uongo mwingine tu.

"Hayuko nyuma, mzee. Haji. Hajui kwamba anangojwa. Yale maneno niliyaandika mimi, pale pale dukani. Saini nayo ni yangu. Huyo rapa hajawahi hata kusikia jina la Kokuhirwa. Nimekuja kuwaomba radhi."

Bartholomayo alibaki ameshika kikapu, kama mtu aliyesahau alikuwa anakipeleka wapi. Mwishowe akakiweka chini kwenye majani, akatazama ukutani.

"Na sisi tumefagia mpaka njiani," akasema Joviana, jirani yao, kwa sauti ya chini. Nasma angetamani atukanwe. Tusi lingemsaidia. Alimtazama mzee yule ambaye mwaka mzima ameliombea duka lake, maana alimwambia hivyo kwenye simu, na aibu ikamshika mpaka miguuni.

Kokuhirwa akasogea. Shingo ilimkaza kabla neno halijatoka, na watu wote walisubiri.

"K-kwamba na yeye ya-yalimkwama. Hilo nalo uliandika w-wewe?"

"Hapana, mwanangu. Hilo ni la kweli. Limo kitabuni, kalisema mwenyewe."

"U-ukurasa gani?"

Habari ya kigugumizi aliijua kutoka redioni na nyuma ya jalada, basi.

"Sijui."

"Hu-hujakisoma?"

"Sijakisoma."

Alikuja amejiandaa kuitwa mwongo. Njiani alishajiita yeye mwenyewe, na hata machozi alikuwa nayo karibu. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alikuwa amekiuza kitabu kile, amekicheka, amekitilia saini, amemrudisha mtoto wa watu shule kwa jina la rapa, na hakujua ndani kuna nini. Kokuhirwa alikuwa amekisoma migombani mpaka jalada limelegea. Macho ya majirani yalimwelemea Nasma, akainamisha kichwa.

"K-kaa," akasema Kokuhirwa.

Alimwonyesha kile kiti cha kitambaa cheupe. Nasma alitaka kukataa, hakuthubutu. Akakaa. Kokuhirwa akabaki amesimama mbele yake, akaruka ule ukurasa wenye mwandiko bila kuutazama, akafungua pale kitabu kinapoanza.

Neno la tatu tu likamkwama. Lilikuwa neno jepesi, *bibi*, kila mtu ndani aliliona linakuja. Bi, bi, bi. Msichana akafumba macho. Nasma neno lilimjia mdomoni, akalitoa, "Bibi," kwa nia njema kabisa.

Kokuhirwa akanyamaza. Akasubiri mpaka ndani pametulia, kisha akarudi mwanzo wa sentensi, akaianza upya yote. Bi, bi, bi. Nasma akauma midomo. Safari hii neno lilichukua muda wake, likatoka, na baada yake yakafuata mengine, mengi yakikwama, hakuna lililorukwa.

Ukurasa ule ulikuwa mrefu. Bartholomayo alikuwa amegeuka kutoka ukutani, anamtazama mwanawe, midomo inacheza bila sauti. Ukurasa ulipoisha Nasma akashika mkoba wake na kusogeza miguu ainuke, maana ahadi ilikuwa ukurasa mmoja, na huko barabarani basi la Bukoba lilikuwa linapiga honi.

"B-bado," akasema Kokuhirwa, akageuza ukurasa.

Nasma akauweka mkoba chini, akasikiliza.