Grisi Kwenye Jaketi la Rubani

Fundi Miwani, bibi mtengeneza ngozi, alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine utosini, na bado alikuwa akitafuta ya tatu mzee alipoingia na mfuko kaukumbatia kama kichanga.

"Karibu, mzee. Umeleta mtoto au maiti?"

"Jaketi langu la urubani," mzee akasema, hakucheka. "Mjukuu wangu anahitimu urubani Jumamosi, anataka alivae mbele ya wenzake. Sasa mkwe wangu, mwenye ulimi wa upupu, anasema nimelitoa mitumbani. Niandikie karatasi kwamba ni la kweli, na ulitengeneze."

"Karatasi baadaye. Kwanza niongee na ngozi."

Alilipindua ndani nje. Kazi yake ilianzia bitana siku zote, kwa kuwa nje ya jaketi hujua kudanganya, ndani haina akili hiyo. Zipu ilikuwa mpya, imeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda msalani. Manyoya ya kola nondo walishakula, wakashiba, wakaacha. Lakini uzi ulikuwa wa pamba, umegeuka njano kwa uzee, na ndani ya mfuko mhuri wa jeshi ulionekana kwa mbali.

"La jeshi, hakuna ubishi. Zipu si ya asili, lakini hata mimi nina meno mawili ya kubandika."

Mzee akashusha pumzi. Vidole vya fundi havikusimama. Jaketi la rubani huchakaa mabegani, mikanda ya kiti inapopita. Haya mabega yalikuwa laini kama shavu la mtoto. Akasugua mikono ya jaketi kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi ya viatu ikatoka, na chini yake grisi nyeusi, kuanzia vifundoni hadi kwenye viwiko.

"Umelipaka rangi ya viatu?"

"Nilitaka ling'ae."

"Umeliziba pumzi, baba. Na ndege uliirusha kwa mabega gani?"

Mzee akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Nilikuwa fundi wa injini. Siku moja nilimkatalia rubani kuruka. Alinitukana mpaka akaishiwa matusi. Nikamwonyesha ufa kwenye bomba la mafuta. Akavua jaketi, akanivisha, akaondoka kimya. Mjukuu alipokuwa mdogo aliniona nalo, akapiga kelele, 'Babu rubani!' Sikukanusha. Nimeendelea kutokanusha miaka kumi na minane." Akaishika mikono ya jaketi. "Huwezi kutoa grisi? Ukayakwangua mabega kidogo?"

"Naweza. Msasa laini, nusu saa, hata malaika hatagundua. Lakini nikifanya hivyo, karatasi ya kweli utaitafuta kwingine. Njoo Ijumaa, na mjukuu."

Ijumaa walikuja. Kola ilikuwa imepata manyoya, ngozi imelishwa mafuta ikalegea vizuri. Karatasi ilikuwa mezani, kikombe cha chai pembeni yake. Mjukuu, binti mchangamfu, akaisoma kwa sauti.

"'Jaketi ni la kweli. Zipu si ya asili. Kola imetengenezwa. Grisi ya mikononi ni ya asili, isitolewe.' Grisi? Babu, ndege ulikuwa unairusha au unaikaanga?"

Fundi Miwani ghafla akawa na kazi nyingi chini ya meza.

Babu alisimulia. Aliyumba mwanzoni, akakohoa, lakini hakuruka kitu: ufa, matusi, hata miaka kumi na minane. Binti akalivaa jaketi polepole, akanusa grisi ya mkononi.

"Yule rubani, alifika nyumbani siku ile?"

"Walibadilisha bomba, akaruka, akafika. Baadaye alizaa watoto sita."

"Sita! Babu, umeongeza watu duniani." Akamshika bega. "Kesho nitawaambia wenzangu ni la fundi. Bibi, niongezee hapo kwenye karatasi."

"Ipo nyuma. Geuza."

Akageuza: *Mwenyewe: fundi wa injini.*

"Na kama babu angenyamaza?"

Fundi Miwani akakitazama kikombe chake, kilichokaa karibu mno na karatasi.

"Mikono yangu inatetemeka siku hizi, mjukuu. Ningeimwagia chai kabla hujageuza."